Bukavu: Siri ya mgonjwa inapita juu ya ukuta

Siku ya kuzindua kituo cha afya, viongozi wanakata utepe, picha zinapigwa, kisha wageni wanatembezwa chumba kwa chumba. Rangi ni mpya, karo za chini zinang'aa, na juu kuna plafoni nyeupe iliyonyooka vizuri. Kila mtu anasifu. Ni mara chache utasikia mgeni akiuliza: ukuta kati ya chumba hiki na kile unaishia wapi, kwenye plafoni au kwenye manjanja?

Swali hilo linaonekana kama la fundi, kumbe ni la mgonjwa. Katika majengo mengi ya mji wetu, vyumba vinatengwa kwa kuta zinazokoma sawa na plafoni, au sentimita chache juu yake. Kutoka hapo mpaka kwenye paa kuna nafasi wazi, moja kwa nyumba nzima, toka mlango wa kuingilia mpaka chumba cha mwisho. Sauti ya mgonjwa inapanda, inapenya plafoni nyembamba, inatembea katika nafasi hiyo na kushuka upande wa pili. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, na bado mama aliyeketi kwenye ubao wa kungojea anasikia jibu la kipimo cha mwenzake.

Hapa Kivu Kusini tunajua thamani ya chumba ambamo mtu anaweza kusema. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imejulikana duniani kwa kutunza wanawake waliobakwa, na mwaka 2018 yeye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini wanawake wengi hawaanzii Panzi. Wanaanzia kwenye kituo kidogo cha mtaani, Kadutu, Bagira, Panzi juu au kule Kasha, mbele ya muuguzi mmoja na meza moja. Ni pale ndipo neno la kwanza linatoka, au linamezwa.

Na likimezwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya SIDA baada ya kubakwa zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kuisha. Binti anayesema kwamba amekuja kwa ajili ya maumivu ya tumbo tu, kwa sababu sauti ya jirani wa shangazi yake inamfikia kutoka korido na anajua kwamba yake nayo itafika huko, anarudi nyumbani na vidonge vya tumbo. Hakuna ripoti itakayoandika kwamba plafoni ndiyo ilimnyamazisha.

Sheria zetu haziko kimya juu ya siri. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 73, inamwadhibu mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wanaoishi na virusi vya SIDA, na siri ya hali yao ni sehemu ya ulinzi huo. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu anayeshika kesi ya ubakaji alinde usalama, heshima na maisha ya faragha ya aliyetendewa. Muuguzi akitoa siri, anaweza kushtakiwa. Plafoni ikitoa siri, hakuna anayeulizwa.

Tuongeze na jambo ambalo kila msomaji wa Bukavu analijua bila kuambiwa. Tangu M23 ilipoingia mjini katikati ya Februari 2025, watu wamezoea kupima maneno, na kuangalia nani ameketi karibu kabla ya kuanza kusema. Mgonjwa anayeeleza namna alivyopata jeraha anasema pia ni wapi alikuwa, saa ngapi, na nani alikuwa naye. Chumba kinachovuja maneno kinaweza kumletea hatari kubwa kuliko jeraha lenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi ya fundi, maana hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Wengi wetu tunachanganya mambo mawili: kumeza sauti na kuzuia sauti. Vile vibao vyeupe vya sentimita 60 kwa 60, vinavyolazwa kwenye fremu za chuma katika ofisi za mashirika na za benki, vingi ni vyepesi na vina vitundu. Vinameza sauti. Chumba kinapoteza mwangwi, mnasikilizana bila kupaza sauti, na mwenye ofisi anaamini kwamba amenunua plafoni ya kuzuia kelele. Amenunua nusu yake. Ndani ya chumba mambo ni mazuri, lakini chumba cha pili kinaendelea kusikia, kwa sababu kitu chepesi chenye vitundu hakisimamishi sauti inayotaka kupita.

Kuzuia ni kazi ya uzito. Uzito wa ukuta au wa plafoni ukiongezwa mara mbili, sauti inayopenya inapungua kwa desibeli 5 au 6 hivi. Zikipungua desibeli 10, sikio linaona kama sauti imekatwa nusu. Sasa tupime vitu tunavyonunua. Ukuta wa matofali wa sentimita 11, uliopigwa plasta pande zote mbili, unapita kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Bao la jipsi la milimita 12.5, lile mafundi wanaita plako, lina kilo 9 hivi. Tripleksi ya milimita 4 haifiki kilo 3, na plafoni ya plastiki iko karibu na hapo.

Mazungumzo ya kawaida yana kama desibeli 60 kwa umbali wa mita moja. Ukuta ule wa matofali unaondoa karibu 45. Zinabaki 15, ambazo hata usiku wa manane ni shida kuzitambua. Tripleksi inaondoa karibu 20 tu. Ni kweli kwamba sauti inapaswa kuipenya mara mbili, ikipanda na ikishuka, lakini juu ya plafoni hakuna kinachoimeza njiani. Manjanja yanairudisha chini. Tena kuna matundu: ya taa, ya waya, pembe ambazo hazikufungwa vizuri.

Matundu ndiyo adui ambaye hatumwogopi vya kutosha. Chukua ukuta wa mita 4 kwa urefu na mita 3 kwa kimo. Ni mita 12 za mraba. Acha upenyo wa sentimita 3 tu juu yake, toka pembe hadi pembe. Upenyo huo ni asilimia 1 ya ukuta. Asilimia 1 hiyo inatosha kushusha ukuta wote mpaka desibeli 20, hata kama ungeujenga kwa zege ya nusu mita. Kwa maneno mengine, mradi umelipa matofali, simenti, mchanga na mikono ya watu, halafu umeyatupa yote kwa ajili ya sentimita 3 ambazo hakuna aliyepanda ngazi kuziangalia. Ukuta usiofika juu ni pazia zito.

Basi dawa ya kwanza si kununua plafoni ya bei kubwa kutoka Kigali, Kampala au Dubai. Ni kupandisha ukuta mpaka kwenye manjanja, katika vyumba ambamo maneno ya siri yanasemwa: chumba cha kuona wagonjwa, chumba cha ushauri, chumba cha vipimo, chumba cha kuzalia. Kwa ukuta wa mita 4, ikiwa nafasi ya juu ina wastani wa sentimita 80, tunazungumzia mita 3 za mraba na kidogo, yaani matofali mia mbili hivi. Fundi mwashi na msaidizi wake wanamaliza kwa siku moja au mbili. Mwisho wa kazi, mawimbi ya manjanja yazibwe, maana mafundi wengi wanafika chini ya bati, wanaacha yale matundu ya mawimbi, na kusema wamemaliza. Waya za umeme zikipita katika ukuta, tundu lake lizibwe kwa simenti.

Lakini tusiseme matofali tu bila kukumbuka tuko wapi. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu na upande wa Rusizi nchini Rwanda, na watu walikufa pande zote mbili. Ardhi yetu haijatulia. Ukuta mwembamba unaopandishwa juu ya plafoni bila kufungwa kwenye mkanda wa zege ni matofali yanayongojea kumwangukia mgonjwa. Mahali ambapo mkanda upo lakini hakuna namna ya kuimarisha kinachopanda juu yake, ni heri kutumia fremu ya mbao iliyosimikwa vizuri, plako pande zote mbili, na katikati pamba ya mawe. Ni nyepesi, inazuia vizuri, na tetemeko likija haina hatari kama ya matofali. Vilevile plafoni nzito isitundikwe kwa misumari midogo ya tripleksi. Plako mbili zilizopandana zina kilo 18 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 12 za mraba kinabeba kilo zaidi ya 200 juu ya kichwa cha mtu. Hapo zinahitajika skurubu, waya wa chuma na boriti zilizopimwa.

Na jengo ambalo limekwisha kujengwa? Hatuombi libomolewe. Fundi anaweza kuingia juu ya plafoni na kushusha pazia la plako toka kwenye paa mpaka kichwani mwa ukuta, chumba cha ushauri peke yake. Ikiwa mtu hawezi hata kutambaa huko juu, mabao ya plako yanaweza kulazwa juu ya plafoni ya chumba hicho na ya kile cha jirani, kama boriti zinaweza kuyabeba, pamoja na pamba ya mawe katika nafasi iliyo wazi. Matundu ya taa yafungwe kwa kisanduku. Chini ya mlango uwekwe mpira, maana mara nyingi kuna upenyo wa vidole viwili pale. Na kuna mambo yasiyodai pesa yoyote: ubao wa kungojea uhamishwe mbali na ukuta wa chumba cha ushauri, na radio ndogo iachwe ikisema polepole kwenye korido. Radio haizuii sauti, lakini inafunika maneno. Muuguzi mmoja mwenye akili anaweza kufanya hayo mawili kesho asubuhi.

Tunajua jibu litakalotolewa. Vituo havina dawa, wauguzi wanakaa miezi bila malipo, benki zimefungwa, na nyinyi waandishi mnaleta habari za plafoni? Jibu hilo lina uzito na hatulidharau. Lakini kituo kinapojengwa au kukarabatiwa, pesa za plafoni ziko tayari kwenye hesabu ya kazi, ile karatasi mafundi wanaita devi. Plafoni inalipwa. Mara nyingi inalipwa ile ya plastiki yenye mistari inayong'aa, kwa sababu inapendeza kwenye picha. Tunachoomba ni pesa hizo zitumike kwa mpangilio mwingine: kwanza ukuta ufike juu, pili matundu yazibwe, tatu plafoni iwe na uzito, na urembo uje mwisho ukibakiza kitu.

Shuleni hali ni nyingine, na ni vizuri tusiichanganye na ile ya vituo vya afya. Hapo shida kubwa haitoki chumba cha pili. Inatoka mbinguni. Bukavu mvua inaanza Septemba, pamoja na mwaka wa masomo, na inaendelea mpaka Mei. Kila mwalimu anajua kinachotokea mvua kubwa ikishuka juu ya manjanja yasiyo na plafoni: anapaza sauti, anapaza tena, kisha anachukua chaki na kuandika ubaoni, au anaketi. Watoto wa nyuma wameacha kusikia zamani. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na watoto wa nyuma ni wengi.

Kila tone la mvua linapiga bati kama ngoma, na bati jembamba linalia zaidi. Manjanja namba 32 ni membamba kuliko namba 28, ingawa namba yake ni kubwa, na ndiyo mengi wananunua kwa sababu ya bei. Wazee wetu wa Bushi, katika nyumba zao za nyasi, hawakujua kelele hii. Mvua kwao ilikuwa ni ya kulalia. Sisi tulipopata bati tulipata paa lisilovuja, na hilo si jambo dogo, lakini tulipoteza utulivu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, linasema kelele darasani isipite desibeli 35 wakati wa somo. Kwa sisi, mvua ya saa nane mchana inalipita hilo mbali sana. Mtoto, hasa yule anayejifunza kwa Kifaransa ambacho hakisemwi nyumbani kwao, anahitaji sauti ya mwalimu ipite kelele kwa desibeli 15 hivi ili akamate kila neno. Mtu mzima anaweza kukisia neno lililopotea. Mtoto wa darasa la pili hana pa kulikisia.

Kwa hiyo darasani plafoni yenyewe ni msaada mkubwa, hata ile ya kawaida, mradi isiache matundu. Ikilazwa pamba ya mawe juu yake, mvua inapungua zaidi, na joto la bati wakati wa jua pia linapungua. Plastiki tupu ndiyo dhaifu kuliko zote: ni nyepesi mno kuzuia mvua, na tena inarudisha mwangwi wa watoto 60 wakikariri pamoja. Kama pesa ni za darasa moja tu, ianze na darasa la kwanza, ambako mtoto anajifunza kutofautisha sauti za herufi.

Neno moja kwa wenye baa, studio na radio ndogo, na kwa wachungaji wanaotaka kuwapunguzia majirani kelele za kesha. Trei za mayai zilizogundishwa ukutani hazizuii sauti. Zinapunguza mwangwi kidogo, basi. Sponji ya matela ni mbaya zaidi, kwa sababu inawaka upesi na moshi wake unaua kabla ya moto. Mwaka 2003 huko Rhode Island, Marekani, watu 100 walikufa katika ukumbi wa muziki uitwao The Station. Mwaka 2013 watu 242 walikufa katika ukumbi wa Kiss, Santa Maria, Brazil. Mara zote mbili fataki zilishika sponji iliyowekwa kwa ajili ya sauti. Mji unaojua mioto ya nyumba za mbao za Kadutu hauhitaji kufundishwa zaidi. Pamba ya mawe haiwaki. Sponji haina nafasi juu ya vichwa vya watu.

Pia kuna majengo ya zamani, ya enzi ya Wabelgiji, ambayo plafoni zao au paa zao zinaweza kuwa za vibao vya simenti vilivyochanganywa na amianti. Vikiwa vizima havina shida kubwa. Vikikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo, vumbi lake linaingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Fundi asivivunje ili kuweka plafoni mpya bila kwanza mtu mwenye ujuzi kuviangalia.

Tunachodai kwa viongozi ni kidogo. Divisheni ya afya ya jimbo, pamoja na zoni za afya za Ibanda, Kadutu na Bagira, ziandike katika masharti ya kila kazi mstari mmoja: kuta za vyumba vya ushauri zifike kwenye paa. Mashirika yanayotoa pesa yaandike hivyo hivyo. Wenye kusimamia shule waandike wao plafoni na pamba yake kabla ya rangi ya ukutani. Na wenye kliniki za kibinafsi, ambao wanajenga bila kungojea mtu, wasiseme hawakuambiwa.

Na kabla ya kupokea jengo, lifanyike jaribio lisilo na mashine. Mtu mmoja aingie chumba cha ushauri, afunge mlango, asome kwa sauti ya kawaida karatasi ambayo mwenzake hajaiona. Mwenzake aketi chumba cha pili, kisha kwenye ubao wa kungojea, na kalamu mkononi. Akisikia mnong'ono bila maneno, jengo limepita. Akiweza kuandika sentensi moja nzima, fundi arudi juu na ngazi yake. Jaribio lote ni dakika kumi, na lifanyike mbele ya mjenzi kabla hajalipwa sehemu ya mwisho ya pesa zake.